Risiva ya ADS-B juu ya paa Entebbe: inafaa kupimia hewa ya ukaa ya ndege?

Ngoja niseme mapema mtu asije akatoa pesa zake bure: hii risiva hainusi moshi wa ndege. Majirani hapa Kitooro wakiona ile fimbo nyeupe juu ya mabati wanadhani inavuta hewa na kuipima, hapana, inasikiliza tu matangazo ya redio ambayo ndege hutoa zenyewe, na ADS-B ndilo jina la mfumo huo. Ila ukishajua inasikiliza nini, na ukakaa nayo na hesabu kidogo, unapata makadirio ya hewa ya ukaa ya ndege moja moja, safari moja moja, kitu ambacho mimi sijakiona kwingine kwa bei hii. Naandika kwa sababu kwenye magrupu watu wanauliza kila mara kama inafaa kununua, na majibu yote wanapewa na watu wa Ulaya ambao hawajui radi ya ziwa wala umeme wa kwenda na kurudi.

Seti yenyewe ni kidude cha USB kama flashi, ndani kina amplifaya na chujio la masafa ya 1090 megahezi ambayo ndege hujitangazia, halafu antena ya fimbo ya sentimita 66 hivi, waya wa koaksio, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na memori kadi yake. Basi. Mimi nimeifunga kwa ajili ya klabu ya mazingira ya shule ninayofundisha fizikia, na ukijumlisha kila kitu pamoja na ushuru na usafiri ilifika kama laki sita na ushee za Uganda, inategemea dola imeamkaje siku unayonunua. Ukiwa na laptopu ya zamani unaweza kuacha Raspberry Pi ukaokoa pesa, lakini laptopu inakula umeme zaidi na hii kitu inatakiwa iwake usiku na mchana.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Ndege za abiria siku hizi zinabeba transponda ambayo inajitangaza yenyewe, mimi ni fulani, niko hapa, niko futi kadhaa juu, nakimbia kasi hii, napanda au nashuka, na mahali ilipo inapataja kama mara mbili kila sekunde. Hakuna nywila, hakuna kificho, ni tangazo la wazi kwa ajili ya usalama na mwenye antena anasikia. Unafungua kivinjari kwenye simu iliyo kwa waifai hiyohiyo unaona ramani na vindege vinatembea juu ya ziwa. Hapo Entebbe tumepewa zawadi manake ndege iliyo futi 35,000, kwa hesabu ya mviringo wa dunia, inaweza kusikika kutoka zaidi ya kilomita 400 kama hakuna kizuizi, na sisi kusini na mashariki ni maji matupu, kwa hiyo upande wa Mwanza na Kisumu tunasikia vizuri sana. Upande wa Kampala vilima vinakula zile za chini, mtu aliye juu ya kilima cha Muyenga kule Kampala atapata picha tofauti na yetu.

Sasa hewa ya ukaa inaingiaje hapo? Inaingia kupitia mafuta. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua inatoa kilo 3.16 za hewa ya ukaa, ndiyo namba wanayotumia hata ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa, kwenye CORSIA, mpango wao wa kudhibiti hewa ya ukaa ya safari za kimataifa. Wanafunzi hushtuka, kilo moja inazaaje tatu? Ni kwamba kaboni ya kwenye mafuta inashikana na oksijeni ya hewani, na sehemu kubwa ya uzito ni hiyo oksijeni, ambayo ndege haikuibeba kwenye tangi bali inaiokota njiani. Ukilielewa hilo, kazi iliyobaki ni moja tu, kujua mafuta kiasi gani yameungua, na mafuta unayakadiria kwa aina ya ndege, kimo, kasi na inavyopanda. Kwa hesabu hiyo tunatumia OpenAP, programu ya bure iliyotoka chuo kikuu cha TU Delft kule Uholanzi, unailisha data ya risiva inakurudishia mafuta kwa sekunde. Inataka ujue kidogo Python, lugha ya kuandikia programu. Kama hujui, tafuta kijana wa IT mkae naye, si ngumu hivyo.

Sehemu ambayo mimi nimeipenda kuliko zote ni uwanjani penyewe, ndege ikiwa bado chini. ICAO wana hifadhidata ya injini, kila injini kubwa ya jeti inapimwa imefungwa kwenye kitanda cha majaribio kwa viwango vinne: asilimia 100 ya nguvu ya kurukia, 85 ya kupandia, 30 ya kushukia na 7 ya kutambaa chini. Halafu kuna muda wa kawaida uliowekwa kwa kila hatua, sekunde 42 za kuruka, dakika 2.2 za kupanda, dakika 4 za kushuka, na dakika 26 za kutambaa kwenda na kurudi. Mtu aliye ofisini mbali akitaka kujua uwanja fulani unatoa hewa ya ukaa kiasi gani mara nyingi anachukua hizo namba anazidisha kwa idadi ya ndege, kamaliza.

Lakini Entebbe siyo Heathrow. Hapa ndege haipangi foleni nyuma ya nyingine kumi. Tulikaa na wanafunzi tukaangalia Boeing 737-800, aina ambayo mashirika kadhaa yanaileta hapa, tukaiona kwenye skrini inaachia geti, inageuka, inaingia njia ya kurukia, inaondoka, vijana wanashika saa, na ukijumlisha kuingia na kutoka ilikuwa dakika kumi na mbili hivi. Injini ya CFM56 ya ndege hiyo ikiwa inatambaa inakula kama kilo 0.11 za mafuta kwa sekunde, ziko mbili, kwa hiyo ni kama kilo 13 kwa dakika. Kwa dakika 26 za kitabuni unapata tani moja na kidogo ya hewa ya ukaa. Kwa dakika 12 zetu unapata nusu tani. Nusu nzima imeyeyuka, na ni ndege moja, kutambaa tu, bado hata haijaruka! Zidisha kwa ndege zote za mwaka uone namba inayoandikwa kwa jina la uwanja wetu inaweza kuwa mbali kiasi gani na ukweli. Na inaweza kwenda upande wa pili pia, siku mvua inapofunga na ndege zinazunguka juu ya ziwa zikisubiri, hiyo kitabu hakiioni, risiva inaiona duara kwa duara.

Kuruka nako kuna somo lake. Injini hizohizo kwa nguvu zote zinakula karibu kilo 1.2 kwa sekunde kila moja, zile sekunde 42 peke yake zinamaliza kama kilo mia moja za mafuta, yaani zaidi ya kilo mia tatu za hewa ya ukaa kabla hujamaliza kusoma karatasi ya usalama kwenye mfuko wa kiti. Vijana walinyamaza kidogo waliposikia hiyo.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa watu wa huku, na hakuna maelekezo ya kwenye boksi yatakayokuambia. Mzunguko ule wa uwanjani, yaani zile hatua nne za kuruka, kupanda, kushuka na kutambaa, unahesabiwa mpaka futi 3,000 juu ya uwanja, na Entebbe yenyewe iko mita 1,153 juu ya bahari, karibu futi 3,780. Transponda inataja kimo kwa kipimo cha kanieneo ya hewa kana kwamba unaanzia baharini. Kwa hiyo ukiandika kwenye programu yako kata kwenye 3,000, ndege iliyoegeshwa tayari imeshapita, hutapata kitu. Kwetu mpaka uko kama 6,800. Mtu wa Mombasa hana shida hiyo, mtu wa Kabale ataongeza zaidi.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano aliniuliza, "Mwalimu, si kuna setilaiti zinazoona hewa ya ukaa, kwa nini tusichukue picha zao tu?" Swali zuri sana, na nadhani ndilo watu wengi wanalo. Setilaiti zipo kweli. OCO-2 ya NASA iko angani tangu 2014 na inasoma hewa ya ukaa kwa mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini, lakini ukanda wake ni mwembamba kama kilomita 10, na inarudi njia ileile baada ya siku 16. Hewani tayari kuna hewa ya ukaa zaidi ya sehemu 420 kwa milioni, sasa ndege moja inayokimbia karibu kilomita 900 kwa saa inaacha mstari mwembamba unaotawanyika, kuutofautisha na hiyo iliyojaa kila mahali ni kama kutafuta kijiko cha chumvi ulichomwaga baharini. Sentinel-5P ya Ulaya, iliyorushwa Oktoba 2017, ina chombo kinaitwa TROPOMI ambacho kinaona vizuri naitrojeni dayoksaidi, gesi inayotoka na moshi wa injini na haikai sana hewani kwa hiyo inaonekana penye chanzo, lakini doa moja la picha yake ni kilomita 3.5 kwa 5.5, kiwanja chote cha Entebbe na mji wake karibu vinaingia humo pamoja na bodaboda na majiko ya mkaa. Na inapita mara moja kwa siku, kama saa saba na nusu mchana. Sasa ndege kubwa za kwenda Ulaya zinaondoka hapa saa ngapi? Usiku! Setilaiti inayotegemea jua haiwezi kuziona hata zikiwa mia. Ongeza mawingu ya Nnalubaale, yaani Ziwa Viktoria, mnayajua wenyewe, yale ya alfajiri ya radi. Kwa hiyo kwa ndege moja moja njia inayofanya kazi ni kuzifuata zinakopita na kupiga hesabu, setilaiti tuwaachie picha kubwa ya dunia.

Kuna njia ya tatu, na hiyo ndiyo inapima moshi wenyewe. Kwenye viwanja kadhaa vya Ulaya watafiti waliweka vifaa vya infraredi pembeni ya njia, vinasoma gesi kwenye moshi wa moto wa injini kutoka mbali bila kuugusa, wakalinganisha na zile namba za ICAO. Ningependa siku moja nikione hapa, lakini ni kifaa cha maabara na mtaalamu wake, siyo cha klabu ya shule. Na watu wasichanganye na vile vipimo vya AirQo wa Makerere, wao wanapima vumbi laini tunalopumua, kazi nzuri sana na ya lazima, ila ni swali lingine.

Haya, mapungufu, na mengine ni makubwa. La kwanza, ndege haitangazi uzito wake. Airbus A330-800 za Uganda Airlines, 5X-NIL na 5X-CRN, nazifuata kwa mapenzi kabisa, lakini ikipita juu yangu sijui kama imejaa au iko nusu tupu, na uzito ndio unaoamua mafuta, hasa kwenye kupanda. Unaweka uzito wa kati na unakubali kwamba jibu lako lina upana. Kwa hiyo ukisema kwa watu sema kati ya hii na hii, usitoe namba moja yenye desimali tatu ukajiona mwanasayansi. La pili ni upepo, risiva inasikia kasi ya ndege juu ya ardhi, injini inapambana na hewa, inabidi uongeze data ya upepo kutoka kwa watu wa hali ya hewa. Hapa ikweta upepo wa juu kwa kawaida ni mpole kuliko ile mikondo mikali ya Ulaya kwa hiyo kosa linapungua, ila lipo.

La tatu linaniuma zaidi kwa sababu linatuhusu. Zile Cessna Caravan zinazobeba watalii kwenda Kidepo na Bwindi, nyingi zinaruka chini na zikishapita vilima zinapotea, na OpenAP imetengenezwa kwa ajili ya jeti, propela hizo hazimo, inabidi utafute kitabu cha ndege yenyewe na ukadirie kwa mkono. Na si kila ndege inajitangaza mahali ilipo, kuna za kijeshi na kuna ndogo za zamani, unasikia namba yake tu huioni kwenye ramani. Ukija hapa ukadhani ramani yako ni anga lote la Uganda utadanganya watu.

Na mistari ile myeupe ya barafu ambayo ndege huchora angani, nayo inapasha dunia joto, na hewa ya ukaa siyo hadithi yote. Inahitaji hewa ya baridi kama nyuzi 40 chini ya sifuri na unyevu mwingi ndipo idumu. Risiva haikuambii chochote kuhusu hiyo. Mwaka 2023 Google na American Airlines walijaribu safari 70 kupitisha ndege kwenye vimo visivyo na hali hiyo, wakaangalia kwa setilaiti, mistari ikapungua kwa asilimia 54. Hapo setilaiti ndiyo mfalme.

Kuhusu kununua na kufunga. Duka moja la mjini Kampala liliniuzia waya wa koaksio umeandikwa shaba, nilipoukata ndani ni aluminiamu imepakwa rangi, na waya mbaya kwenye 1090 megahezi unakunywa mawimbi kabla hayajafika. Kata kipande mbele ya muuzaji, kwaruza kwa wembe, ndio ulipe. Weka waya mfupi kadiri unavyoweza, Raspberry Pi ikae karibu na antena chini ya paa, na usisahau adapta manake tundu la antena na la kidude hazifanani. Umeme ukikatika ghafla memori kadi inaharibika, weka betri ndogo ya akiba, hata ile ya kuchajia rauta inatosha.

Radi naomba mnisikilize. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo. Fimbo juu ya paa la shule au la nyumba bila waya wa kwenda ardhini na kizuia radi kwenye koaksio sikubali, hata kama fundi atakuambia si lazima. Kama pesa ya kizuia radi haijapatikana, weka antena ndani dirishani usubiri, utasikia kidogo lakini utalala.

Halafu tuko jirani na kiwanja cha ndege na kambi, watu wakiona antena mpya wanaongea. Mimi nilienda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, kumwambia. Akaniuliza, "Mwalimu, hii kitu haisikilizi simu zetu?" Nikamwambia, "Hapana mzee, inasikia ndege tu, karibu uone mwenyewe." Akaja, akakaa mbele ya skrini, ndege ikaonekana inakuja kutoka upande wa Nairobi, tukatoka nje ikapita juu yetu kweli, akarudi ndani akataka kujua inakula mafuta kiasi gani. Siku hizi yeye ndiye anawaeleza majirani.

Faida nyingine ya pembeni, ukiwatumia Flightradar24 data yako wanakupa akaunti ya juu bure, na hiyo inalipa sehemu ya gharama, maana huku kwetu risiva ni chache na mchango wako unaonekana. Bando haili sana, nilikuwa na wasiwasi lakini ni maandishi madogo, siyo video.

Nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu ya uzito na zile ndege ndogo, siyo kosa la kidude, lakini mnunuzi anatakiwa ajue. Wa kampuni za utalii wanaowaomba wageni walipie miti ya kufidia hewa ya ukaa ya safari zao, mimi ningewashauri wanunue hii kabla ya kuandika namba kwenye risiti, mgeni anayetoa dola zake kwa ajili ya miti yetu ana haki ya kuonyeshwa hesabu imetoka wapi. Anayetaka kujua tu ndege ya shangazi imefika saa ngapi asinunue, apu ya bure inatosha.

Na sasa ombi. Ndege isiyotaja mahali ilipo inaweza kupatikana kama risiva nne au zaidi zinaisikia kwa wakati mmoja, zinalinganisha mawimbi yake ya redio yamefika kwa nani kwanza, ndivyo Caravan nyingine zitaonekana. Entebbe ipo. Kama uko Masaka, Mityana, Mukono au Jinja, na una paa refu na mtu wa kukuwekea waya wa ardhini vizuri, niandikie hapa chini, programu na mipangilio yote nitakutumia, na hesabu za mafuta tutafanya pamoja na vijana wa shule yako.